Tupunguze Kiasi Gani?

"Dada, tupunguze kiasi gani?"

Msusi alikuwa amesimama nyuma yangu, mkasi mkono huu, kitana mkono huu. Kitambaa alikwisha kunifunga shingoni. Nikafungua mdomo nimjibu, nikakuta jibu halipo. Akanitazama kwenye kioo, akangoja, kisha akaona anisaidie. Akashika nywele za juu ya sikio la kulia, akazivuta mpaka zikanyooka, akafanya vivyo hivyo kushoto. Za kulia zilikuwa fupi, na tofauti ilikaribia upana wa kidole.

"Ukitaka zilingane," akasema, "kote kwingine inabidi tukate mpaka hapa."

Alisema kweli. Ndiyo maana niliingiwa na hofu.

"Nipe muda nifikirie," nikamwambia. Akanifungua kitambaa bila kununa, nikatoka na nywele zangu zote kichwani.

Wiki tano zilizofuata swali lile lilinizunguka. Nililala nalo, nikaamka nalo. Kichwa ni changu, nywele ni zangu, na miezi tisa ya kuzingoja ni yangu pia. Iweje nisijue ninachotaka?

## Swali la mtoto

Nilikaa na nywele fupi miaka 11. Nilizinyoa kwa sababu panja zilikuwa zimenyonyoka kwa kusukwa kwa kukazwa, mwaka hadi mwaka, mpaka ngozi ikaanza kung'aa mahali nywele zilipokuwa. Niliambiwa nipumzishe kichwa, nikakipumzisha. Panja zikarudi, si zote, ila za kutosha. Mimi sikurudi. Mashine ilikuwa rahisi, shingo ilipata upepo, asubuhi sikuwa na kazi mbele ya kioo. Watu walinizoea hivyo, nami nikajizoea.

Kisha siku moja binti wa dada yangu, mwenye miaka sita, alinikalia mapajani akawa anapitisha kiganja kichwani kwangu kinyume na nywele zinavyolala. Huwa anapenda ule mkwaruzo. Akaniuliza, "Mama mdogo, nywele zako zikiachwa zinafika wapi?"

Sikujua.

Nimeishi na mwili huu miaka mingi. Najua dawa inayonidhuru, najua goti linalonisumbua nikipanda ngazi. Lakini nywele zangu mwenyewe, zinazoota usiku na mchana bila kuambiwa, sijawahi kuziacha hata mara moja nione mwisho wake. Utotoni zilisukwa, ujanani zikatiwa dawa, utu uzima ukazikuta zinanyolewa. Swali la mtoto lilinikaa. Wiki hiyo mashine ikaingia kabatini.

## Mara mbili nilizorudi nyuma

Hii ni safari ya tatu. Ya kwanza ilikufa mwezi wa nne tangu niache kunyoa, nayo sina la kuisemea, sikuwa nimeazimia.

Ya pili ndiyo inayoniuma. Nilikuwa nimefika mwezi wa saba, na kesho yake nilikuwa na kikao kizito kazini. Nikajaribu kuzibana, hazikufika kwenye kibanio. Nikazichambua, upande mmoja ukasimama na mwingine ukalala. Nikazilowesha, nikaanza upya. Saa nne usiku nikaenda kabatini nikatoa mashine. Dakika kumi, kwisha. Nilipata ahueni kubwa, siwezi kuikana. Nililala usingizi mzuri kuliko siku nyingi.

Ahueni ile ilidumu mpaka kesho yake mchana.

Asiyewahi kukuza nywele kutoka kwenye upara ataniambia ni jambo dogo, kwani si zitaota tena? Zitaota. Miezi saba ndiyo haioti. Na kilichonikera zaidi nilikigundua baadaye, nikiwa nimetulia: usiku ule sikuzichunguza nywele hata kidogo. Sikushika ncha moja nikaitazama. Niliogopa kikao, na kitu pekee chumbani nilichoweza kukiamuru kilikuwa kile kilichokuwa kichwani.

Kwa hiyo safari ya tatu nilianza na sharti moja: sikati usiku, na sikati siku ninayoogopa jambo.

## Umbo la katikati

Kuna kipindi, kwangu ni kati ya mwezi wa nne na wa nane, ambapo nywele si fupi wala si ndefu. Hazibaniki na hazilali. Kwa muda mrefu nilidhani zinakua vibaya. Ilinichukua safari mbili zilizokufa kuelewa kwamba zilikuwa zinakua sawasawa, na usawa huo ndio unaoleta umbo lile.

Ukinyoa kote kwa urefu mmoja, kote kutaongezeka karibu sawa. Lakini kila sehemu ya kichwa ina safari yake. Nywele za kisogoni zimeshakaa chini. Sentimita chache tu zinagusa kola ya shati. Za utosini zina mlima wa kuuteremka kabla hazijafika popote. Za juu ya masikio zinasukumwa nje na sikio lenyewe. Hivyo kisogo kinakuwa na mkia huku utosi bado ukiwa na umbo la mwezi wa pili. Wenye nywele zilizonyooka huuona mkia huo mapema zaidi. Sisi wenye nywele za kipilipili tunapata duara linalovimba pembeni na kubonyea juu.

Tena kipilipili kina siri yake: unywele uliojikunja unaweza kuficha hadi robo tatu ya urefu wake. Nywele za sentimita nane zikaonekana kama mbili. Unaweza kutazama kioo mwezi mzima ukaapa kwamba hakuna kilichotokea.

Msusi yuleyule ndiye aliyeniokoa mwezi wa tano, kwa kunifundisha kutenganisha mambo mawili ambayo mimi nilikuwa nikiyaita kwa jina moja. Kupunguza ili kuweka umbo ni jambo moja. Kupunguza ili kuondoa ncha zilizoharibika ni jambo jingine. La kwanza unalifanya kisogoni na kando ya masikio tu, na utosi hauguswi, ili za juu zipate nafasi ya kuwafikia wenzao. Alinipunguza kisogo mwezi wa tano, akarudia mwezi wa saba. Nilitoka mara zote mbili nikiwa na kichwa chenye sura, na utosini sikupoteza hata milimita.

Lile jambo la pili ndilo lililonikwamisha kitini.

## Mzizi hausikii mkasi

Tangu utotoni nimesikia: kata ncha ili zikue haraka. Nimeambiwa na watu ninaowaheshimu sana, na nimeibeba kauli hiyo bila kuigusa.

Ukweli ni kwamba sehemu ya unywele inayoonekana haina uhai. Haina damu, haina mshipa wa fahamu. Ndiyo maana haiumi ikikatwa. Kazi yote ya kukua inafanyika ndani ya kinyweleo, chini ya ngozi, na kinyweleo hakina namna ya kujua kilichotokea kule nje. Mwaka 1928 mtafiti Mmarekani Mildred Trotter alichapisha uchunguzi wake juu ya wanaume waliokuwa wakinyoa ndevu, na hakuona kunyoa kukiharakisha wala kunenepesha nywele. Kinachotudanganya ni ncha. Unywele ambao haujakatwa huchongoka mwishoni. Uliokatwa una mwisho butu, nao ukigusa mkono unahisi mnene.

Nilipolielewa hilo nikageuka mshabiki wa upande wa pili. Kama mkasi haukuzi, basi mkasi haunihusu. Nilikaa na msimamo huo miezi kadhaa, nikiona nimeerevuka.

Sasa naona wazee wale hawakuwa wamekosea kama nilivyodhani.

Unywele umefunikwa na magamba madogo yanayopangana kama vigae vya paa. Msuguano, joto, dawa na kuchana kwa nguvu huyabandua magamba hayo, na ncha, ambayo ndiyo sehemu kongwe kuliko zote, ndiyo iliyoteswa muda mrefu zaidi. Magamba yakiisha, unywele unapasuka, na mpasuko huo hauzibiki kwa mafuta yoyote. Mafuta na kondishena vinaweza kuulainisha na kuulaza, lakini hauwezi kuungana tena, kwa sababu hakuna kilicho hai cha kuuunga. Ukiachwa unaweza kupanda juu, kisha unywele unakatika pale ulipodhoofu. Kwa hiyo mzizi unaongeza sentimita moja huku ncha ikipoteza sentimita moja, na mwenye kichwa analalamika kwamba nywele zake hazikui.

Zinakua. Kwa wastani nywele za kichwani huongezeka kama sentimita moja kwa mwezi. Za kipilipili huwa za polepole kidogo. Aliyekata ncha akaona zimerefuka hakudanganyika macho. Alichokosea ni sababu tu.

## Daftari

Baada ya kutoka saluni siku ile nilifungua daftari. Nimekuwa nikipima tangu mwezi wa pili, kila mwisho wa mwezi, sehemu nne: utosi, kisogo, juu ya sikio la kulia, juu ya sikio la kushoto. Nazivuta mpaka zinyooke, naweka rula kwenye ngozi. Nilifanya hivyo kwa ajili ya moyo wangu zaidi, ili niwe na kitu cha kushika siku ambazo kioo hakinipi kitu. Nilikuwa naandika namba, nafunga. Sikuwa nimewahi kuzisoma zikiwa zimepangwa pamoja.

Utosini: mwezi wa sita sentimita 5.5, wa saba 6.3, wa nane 7.2, wa tisa 8. Zinapanda bila wasiwasi.

Sikio la kushoto: karibu hivyohivyo.

Sikio la kulia: 5.5. Kisha 6.3. Kisha 6.4. Kisha 6.3.

Niliisoma mistari ile nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Miezi miwili upande mmoja wa kichwa changu ulikuwa umesimama, na mimi nilikuwa naiandika habari hiyo kwa mkono wangu bila kuiona.

Ndipo nikaanza kutazama kile nisichokitazama usiku ule wa kikao. Nikachukua kishungi cha kulia, nikakiweka mbele ya karatasi nyeupe karibu na dirisha. Ncha zilikuwa zimepasuka, nyingine mara mbili, na kulikuwa na vile vifundo vidogo ambavyo unywele mmoja hujifunga wenyewe kama uzi. Cha kushoto kilikuwa na vifundo viwili vitatu, basi.

Halafu sinki. Kwa siku nne nilichanua nywele juu ya sinki jeupe, kulia na kushoto kwa zamu, nikaokota zilizodondoka. Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida ya binadamu, na unywele uliomaliza muda wake hutoka mzima, ukiwa na kitone cheupe upande wa mzizi. Za kushoto nyingi zilikuwa na kitone. Za kulia zilikuwa vipande, vifupi, havina kitone upande wowote. Hazikuwa zimeng'oka, zilikuwa zimekatika.

Kwa nini kulia?

Swali hilo lilinitesa kuliko la msusi. Mafuta ni yaleyale, maji yaleyale, kitana kilekile. Nilishuku mkono wangu, kwamba huenda upande huo nachana kwa nguvu zaidi. Nilishuku shati, mkoba, simu.

Jibu lilikuja alfajiri moja, nilipoamka shavu la kulia likiwa na alama za mikunjo ya foronya.

Nalala upande wa kulia. Nimelala upande wa kulia maisha yangu yote. Foronya ni ya pamba, inayonyonya unyevu, na kila ninapojigeuza inakwaruza. Nywele zilipokuwa fupi hapakuwa na cha kukwaruza. Zilipofikia urefu wa kujikunja chini ya uzito wa kichwa, mto ukaanza kuzila.

Nilikaa kitandani nikakumbuka maneno ya msusi, kwamba kote kwingine tukate mpaka hapa. Ningekubali siku ile, ningetoka nikiwa nimepoteza miezi miwili ya kichwa kizima, nikaenda kulala juu ya foronya ileile.

## Hesabu

Mara nyingi utasikia kwamba nywele zipunguzwe kila wiki sita au nane. Nimelifikiria sana hili, na naona ushauri huo unamfaa mwenye mkato anaotaka ubaki kama ulivyo. Anayekuza anahitaji hesabu nyingine. Wiki sita zinaleta kama sentimita moja na nusu. Ukikata moja kila mara, unabakiwa na nusu, na mwaka mzima utaongeza kama sentimita nne badala ya kumi na mbili. Hapo mtu atasema nywele zake ni ngumu kukua, kumbe anakata theluthi mbili ya mavuno.

Lakini aliyeapa kutokata kabisa, kama mimi nilivyoapa, anakatiwa na msuguano. Tofauti ni kwamba msuguano hauulizi kiasi gani, na haukati mstari ulionyooka.

Nimeacha kuhesabu wiki. Natazama vitu vichache: kitana kikianza kukwama nchani wakati mzizi na katikati vinapita, msokoto ukiwa mnene juu halafu mkia wake ukawa mwembamba kama uzi, vipande visivyo na kitone vikizidi vile vyenye kitone, na rula ikisimama miezi miwili. Kimoja peke yake hakinishtui. Vikija vitatu pamoja, ni wakati.

Kuhusu kiasi, nilijadiliana na nafsi siku nyingi. Nusu sentimita ilinipa faraja, lakini nilipotazama tena kwenye karatasi nyeupe niliona mipasuko imepita hapo. Kukata chini ya mpasuko ni kuuacha uendelee. Inabidi ukate juu yake kidogo, palipo pazima. Kwa kulia hiyo ilikuwa sentimita moja kamili, na niliumia nilipokubali hilo. Kwa kushoto na utosini, milimita tatu nne za kuondoa vifundo.

Na kulingana je? Hapo ndipo nilipogeuka kabisa. Niliona kwamba sihitaji pande zangu zilingane mwezi huu. Kipilipili kinaficha tofauti ya sentimita mbili vizuri tu. Sababu ikiondoka, kulia kutaendelea na safari yake, na siku ya kulinganisha itakuja nikiwa na urefu wa kutoa bila kurudi nilikotoka.

## Kiti kilekile

Nilirudi Jumamosi iliyopita, asubuhi, siku ambayo sikuwa naogopa kitu. Foronya ya satini ilikuwa imeshakaa kitandani wiki mbili, na usiku nilikuwa nafunga kiremba chepesi.

"Haya dada, umefikiria?"

Nikamwambia yote. Kulia sentimita moja, kwingine ncha tu, zisilingane. Nikamwonyesha daftari. Aliliegemeza kwenye kioo akalisoma mstari kwa mstari, mkasi ukiwa umetulia mkononi, kisha akasema, "Unalala upande huu, ee?" Ningemuuliza mapema ningejiokoa wiki tano, ila sijutii; nilihitaji kukiona mwenyewe.

Alizinyoosha kwanza, zikiwa kavu, akasokota misokoto midogomidogo, akakata ncha ya kila mmoja. Mkasi wake ni wa nywele tu. Aliniambia hajawahi kuupitisha kwenye karatasi, kwa sababu mkasi butu hauukati unywele, unauponda, na ulipopondwa ndipo utakapopasuka kesho. Nilizisikia ncha za kulia zikikatika. Kwenye sakafu hazikujaza hata kiganja.

Jana mtoto alikuja. Nilikuwa nimeahidi kumjibu, nikamweleza kwa namna ya umri wake: kila unywele una muda wake wa kukua, miwili hadi sita ya miaka, kisha unapumzika kama miezi mitatu, unadondoka, mwingine unaanza. Urefu wa mwisho unategemea muda huo ni mrefu kiasi gani, na kama njiani haukukatika. Wangu bado haujafika hata mwaka.

Alisikiliza, kisha akataka kujionea. Akapanda kwenye kochi, akashika kishungi cha kushoto kwa vidole viwili, akakivuta chini taratibu mpaka kikagusa hereni.

"Zinafika hapa," akasema.

Akakiachia, kikaruka juu kikajikunja. Akacheka. Akazunguka upande wa kulia, akavuta na huko, akaona hazifiki.

"Na hizi?"

"Hizo zinakuja."

Akaniomba kalamu. Daftari liko na mstari mpya sasa, kwa mwandiko wa mtoto wa miaka sita: KULIA 5.3.